Chaji

Ghorofa ya pili, Mtaa wa Swahili, Kariakoo,
juu ya duka la vitenge,
nina meza, kamusi mbili, feni inayogugumia
na kibao kilichopauka: TAFSIRI NA VIAPO.
Siku nyingi ni vyeti vya ndoa na hati za makontena.

Jumanne akaja Mama Ngalula wa Lubumbashi.
Mwanawe Dieumerci kalala gesti, Mtaa wa Sikukuu,
analipa usingizi wa siku tatu za mahabusu.
Simu ya mama imezima, ameishika vilevile.
Akanitandazia karatasi ya kituoni:
jina, tarehe, muhuri uliolewa wino,
na chini, kwa kalamu yenye haraka,
maneno mawili ya Kiingereza:
*No charge.*

"Niwekee kwa Kifaransa, baba yake asome.
Usiruke kitu."

Maneno mawili. Nilidhani nitamaliza kabla chai haijapoa.

Sisi neno hili tulilikaribisha zamani,
tukalivua viatu, tukaliita chaji,
tukalipa kazi moja: kukaa ukutani na kulisha simu.
Kwao wenyewe halitulii.
Bei ni hilo. Shtaka ni hilo.
Kifaru akiinamisha pembe aje, ni hilo,
na baruti kwenye mtutu,
na mtoto uliyeachiwa umlee,
na zamu ya muuguzi anayeshika funguo za wodi.
Koti la mtumba la pale Ilala:
mifuko saba, na kila mfuko
una tiketi ya mtu mwingine.

Kifaransa nacho kina *charge* yake,
herufi zilezile, hata moja haikupotea njiani,
inaniita kama winga wa Mtaa wa Kongo:
njoo dada, huku huku, bei ya jumla.
Sikuifuata. Nilishaingizwa mjini nikiwa mwanafunzi, Upanga,
mbele ya darasa zima.
Ile ya Kifaransa ni mzigo wa begani.
Ningeandika *sans charge*, baba mtu angesoma
kwamba mwanawe anarudi mikono mitupu,
na hapo asingekuwa amekosea sana.

Nikaandika: *sans poursuites*. Hana shtaka.
Nikamsomea.

Akatikisa kichwa.
"Yule afande kijana alikokota Kifaransa chake,
akaniambia *sans frais*. Ni bure."

"Na ulilipa?"

Akafungua pochi, akavuta zipu ya ndani,
akaniinamishia nione.
Kitambaa chekundu. Punje mbili za karanga.
"Laki nne na nusu. Risiti hapakuwa."

Feni ikasema ya kwake.
Mfasiri, nilifundishwa, mdomo wake ni wa kuazima,
na cha kuazima, tunajua wote, hakisitiri.

"Weka yote mawili," akasema. "Baba yake achague."
"Mama, nagonga muhuri chini yake. Nachagua mimi."

Akaitazama karatasi muda mrefu,
kisha akacheka, mara ya kwanza tangu aingie.
"Basi liache lililo kweli kwenye karatasi.
Lililo kweli kwenye pochi
nitamwambia mwenyewe, nikipata chaji."

Soketi ninayo moja.
Nikachomoa feni.

Joto likaingia bila kubisha, likakaa katikati yetu.
Chini mtu alikuwa akipasua kitenge, yadi kwa yadi.
Akauliza ni kiasi gani.
Ulimi ulishafika kwenye bure,
lakini kodi ya chumba ni tarehe tano:
nikasema elfu kumi na tano.
Akafungua fundo la kanga, akahesabu kumi na mbili,
tukaelewana.

Asilimia tatu, simu ikakubali.
Akaenda dirishani, akanigeuzia mgongo,
akazungumza Kiluba, kwa sauti ndogo, bila kupumzika.
Sikuambulia hata neno.
Nikashika kalamu, kwa mazoea tu,
nikairudisha mezani.